Kabla Hujasema "Uhuni", Uliza Ina Maana Gani

Kama mwezi huu mambo hayakukalia vizuri, basi safu ya leo ni yako kabisa. Vuta kiti, weka simu pembeni, tuongee.

Leo naomba tuzungumzie tatuu. Najua kuna wanaosoma hapa ambao neno lenyewe tu linawafanya wakunje uso. Kwa wengi wetu tatuu ni mambo ya wasanii wa bongo fleva, ya wacheza mpira wa Ulaya, au ya yule binti wa mtaa wa pili ambaye kila mtu ana la kusema juu yake. Wapo pia wale wanaojichora jina la mpenzi kifuani halafu mapenzi yanakwisha kabla kidonda hakijapona. Hao tumeshawacheka sana na leo tuwape likizo.

Ninaozungumzia ni watu wanaojichora alama ndogo, pengine ndogo kuliko punje ya mahindi, kwa sababu walipita kwenye sonona na wanataka kitu cha kushika. Hawatafuti sifa. Unaweza ukakaa ofisi moja na mtu wa namna hiyo miaka mitatu, mnakula chipsi pamoja kila mchana, na usijue kwamba kile kialama chini ya saa yake ndicho anachokiangalia asubuhi kabla hajatoka kitandani.

Mimi ninayo moja. Iko upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kushoto, na nitakueleza ilifikaje hapo. Lakini kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe.

SONONA SI KUJIDEKEZA

Kiswahili chetu cha kila siku kinaupitia ugonjwa huu pembeni. Tunasema fulani "ana mawazo", "ana stresi", "anadeka", au "wamemchezea". Akizidi kunyamaza tunamtania kwamba apelekwe Mirembe, kama vile hospitali ile ya Dodoma ilijengwa ili sisi tupate utani.

Wataalamu wanauita sonona, na siyo ile huzuni ya siku mbili ya kuachwa au kukosa hela ya kodi ya nyumba. Ni hali inayokukalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Unakuwa na huzuni, au hata huzuni huna, umebaki mtupu tu. Vitu ulivyovipenda havikupi raha. Usingizi unaharibika, chakula hakipiti au unakula kupita kiasi, mwili unachoka bila kazi, akili haitulii, unajiona huna thamani. Na kwa baadhi ya watu yanakuja mawazo ya kutaka kufa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wanaishi na hali hii, na wanawake wanaipata zaidi ya wanaume. Wanaume nao wanaugua, sema wengi wanaificha nyuma ya hasira na chupa.

Sasa, jambo moja kuhusu sonona ambalo ukilielewa utaielewa hii habari ya tatuu. Ugonjwa huu unachezea kumbukumbu. Mtu akiwa ndani yake anakumbuka mabaya kwa urahisi kuliko mazuri. Ukimwambia "kumbuka mwaka jana ulivyokuwa na furaha", hakubishii kwa ukaidi. Ile furaha kweli haioni. Anaamini amekuwa hivi siku zote na atakuwa hivi siku zote. Kwa hiyo maneno kama "jikaze, mbona zamani ulikuwa mchangamfu" hayamfikii kabisa. Unamtuma akachukue kitu kwenye chumba ambacho ufunguo wake umepotea.

YALIYONIKUTA

Ya kwangu ilikuja mwaka mmoja baada ya mama yangu kufariki. Watu wangetegemea niugue wakati wa msiba, lakini kwenye msiba nilikuwa imara, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu sahani na kupanga nani alale wapi. Ilikuja baadaye, matanga yameshaanuliwa zamani, watu wameshamaliza kunipa pole. Nilikuwa na miaka 27, kazi nzuri katika ofisi moja pale Posta, mchumba anayenipenda. Kwa nje nilikuwa mtu wa kuonewa wivu.

Nikaanza kupitilizwa kituo kwenye daladala. Nilikuwa nakiona kituo, ila nguvu ya kusema "shusha" sina. Nywele zilikaa wiki tano hazijasukwa. Mchumba wangu anapiga simu, naiangalia inaita mpaka inakatika. Siku moja shoga yangu ambaye ni muuguzi alikuja nyumbani, akafungua friji akakuta maji tu, akanitazama na kusema, "Vaa viatu, mwenzangu, twende hospitali." Hakuniuliza kama nataka.

Daktari alinisikiliza karibu saa nzima. Nikaanzishiwa dawa, na kila wiki nikawa na miadi ya kuongea na mshauri. Aliniambia mapema kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi kama panado, zinahitaji wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na nisiache katikati hata nikijisikia nafuu bila kuongea naye. Nayasema haya yote ili ijulikane mapema: kilichonitibu ni matibabu. Tatuu ilikuja mwezi wa nne, wakati nimeshaanza kuona mwanga.

Ilikuwa Jumamosi. Niliamka na hamu ya kula embe. Mtu mzima ataona ni kitu kidogo, lakini mimi nilikuwa sijawa na hamu ya chochote kwa miezi. Nikaenda gengeni, nikanunua embe mbili, nikazila nimekaa kibarazani na chumvi na pilipili, nikajikuta nalia kwa sababu zilikuwa tamu. Nikajiambia, hii siku nitaisahau. Sonona ikirudi itanidanganya kwamba haikuwahi kuwepo. Jioni ile nikaenda kwa kijana mmoja mchoraji Kinondoni, nikachora nukta mkato. Haikumchukua hata robo saa.

KWA NINI NUKTA MKATO

Nukta mkato ni ile alama ya nukta juu na mkato chini, tuliyofundishwa shule ya msingi na wengi wetu tukaiacha huko huko. Kazi yake ni kuonyesha kwamba sentensi ingeweza kuishia pale, ila mwandishi ameamua kuendelea.

Aliyeifanya iwe alama ya watu waliopita kwenye giza ni dada mmoja wa Marekani, Amy Bleuel, wa jimbo la Wisconsin. Mwaka 2013 alianzisha harakati aliyoiita Project Semicolon, kwa kumkumbuka baba yake aliyejitoa uhai. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi na sonona kwa miaka mingi. Mwanzoni watu walihimizwa wachore alama hiyo kwa kalamu tu mkononi. Wengi wakaona kalamu inafutika, wakaenda kwa wachora tatuu. Alama ikasambaa nchi nyingi. Mwaka 2017 mwanamuziki Selena Gomez na waigizaji wawili wa tamthilia ya 13 Reasons Why, Alisha Boe na Tommy Dorfman, walijichora nukta mkato, na hata wasiojua sonona ni nini wakaanza kuuliza maana yake.

Kwangu mimi ilisaidia kwa njia tatu, na nimezisikia hizo hizo kwa watu wengine niliozungumza nao.

Kwanza, ni ushahidi. Kumbukumbu yangu inaweza kunidanganya lakini ngozi haidanganyi. Nikiamka vibaya nikaiona, najua kwamba palikuwa na Jumamosi ambayo mimi, mwenye akili zangu, nilipanda daladala kwenda Kinondoni nikiwa na mdomo unaonuka embe. Mtu huyo yupo. Hata kama leo simwoni, aliniachia ujumbe.

Pili, ni uamuzi wangu. Sonona inakunyang'anya maamuzi, mpaka kuchagua blauzi ya kuvaa kunakushinda. Na mwili wenyewe unakuwa kama mzigo wa mtu mwingine uliopewa uubebe. Kuamua kitu kimoja juu ya mwili huo, ukakitimiza, kunakurudishia kidogo umiliki.

Tatu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, inafungua mdomo. Siku moja nimepanga foleni kantini, dada wa idara ya uhasibu ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunaishia "za asubuhi" akaniangalia mkono, akainua pindo la suruali yake. Kwenye kifundo cha mguu ana nukta mkato kama yangu. Hatukuongea mengi pale. Lakini mchana tulikaa meza moja, na mpaka leo nikimwona kanyamaza siku mbili mfululizo naenda kumgongea.

WINO PEKE YAKE HAUTOSHI

Sasa nikueleze upande ambao watu wenye kuuza tatuu hawakuelezi. Amy Bleuel, yule yule aliyewapa maelfu ya watu alama ya kuendelea, alifariki mwezi Machi 2017 akiwa na miaka 31. Alijitoa uhai.

Niliposoma habari ile nilikuwa na alama yangu tayari, na nilikaa muda mrefu nikiitazama. Kuna watu walisema basi, alama ilikuwa bure. Mimi sikubali. Mtu mwenye kisukari anayefariki hafanyi insulini iwe uongo, na watu waliovuka salama wakiwa wameshika alama ile wapo hai, wanalea watoto, wanalipa kodi. Ila kifo chake kinatufundisha kwamba huu ni ugonjwa, unaweza kuua hata mtu anayeujua kuliko sisi sote, na alama juu ya ngozi haimwangalii mtu usiku. Watu ndio wanaomwangalia.

Kuna kitu kimoja cha kisayansi ambacho nakipenda sana. Wengi tunadhani wino wa tatuu unakaa tu pale kama rangi ukutani. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliochunguza panya walionyesha kwamba wino unashikiliwa na seli za kinga za ngozi ziitwazo makrofeji. Seli hizo hazidumu. Zikifa zinauachia wino, na seli mpya zinaudaka pale pale. Kwa hiyo tatuu inaonekana imetulia miaka na miaka kwa sababu kuna kupokezana kusikokoma chini ya ngozi. Nilipolielewa hilo nilimfikiria shoga yangu muuguzi, daktari wangu, mchumba wangu, na yule dada wa uhasibu. Aliyechoka alipumzika, mwingine akapokea.

NA HUU SIYO UZUNGU

Najua kuna anayesoma hapa akisema hayo ni mambo ya kuiga. Hebu tujiangalie. Bibi zetu wengi walichanjwa chale, dawa ikapakwa kwenye michanjo, na mtu akaondoka pale akijua kwamba kuna aliyemhangaikia. Wamakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walijichora nembo usoni na mwilini, na mtu alijulikana kwao wapi na kwamba aliyavumilia maumivu yale. Pwani yetu bi harusi hatoki bila hina na piko. Na mwanamke wa Kiswahili akiwa na la moyoni asiloweza kulitamka, anavaa khanga yenye maneno yake, wenye kusoma wasome. Kubeba ujumbe mwilini tumekuwa nako siku nyingi.

Hata hivyo si kila mtu atachora tatuu, na wala sikuhimizi. Kwa Waislamu wengi tatuu ya kudumu hairuhusiwi, na Wakristo wengi wanakuonyesha Walawi 19:28. Imani ya mtu ni nguzo yake, hasa akiwa mgonjwa, na hakuna maana ya kutafuta faraja mahali ambapo baadaye patakupa hatia. Namfahamu mama mmoja wa Tanga ambaye kila mwezi anachorwa ua moja la hina kwenye kiganja. Linafifia, anarudi, linachorwa tena. Anasema kule kurudi ndiko kunakomsaidia, kwa sababu mchoraji wake lazima amuulize, "Mwezi huu umeamkaje, mama?" Mwingine anavaa bangili ya marehemu dada yake. Cha muhimu ni kuwa na kitu ulichokichagua siku njema ili ukione siku mbaya, na awepo mtu anayejua maana yake.

SHANGAZI NA SENDOFU

Miezi michache kabla ya harusi yetu, shangazi yake mchumba wangu alikuja kunitazama, kama ilivyo kawaida. Nikamwamkia, nikamletea maji, na ile kumpa glasi akauona mkono.

"Mwanangu, hicho kidoa ni nini?"

"Ni tatuu, shangazi."

Akaweka glasi chini. Akamgeukia mchumba wangu, mimi nikawa kama sipo. "Baba, siku hizi kuna mashine za kufuta hivi vitu. Kifutwe kabla ya sendofu. Watu watasema tumeoa mhuni."

Mchumba wangu hakupandisha sauti. Alimwambia tu, "Shangazi, nakuheshimu sana. Lakini kabla hujasema kifutwe, naomba umuulize kina maana gani. Ukishasikia, ukisema kifutwe, tutakaa tuliongee."

Basi akauliza. Nikamweleza yote, mama yangu, daladala, friji tupu, dawa, embe. Nilidhani ataniambia niombe sana. Alinyamaza mpaka nikasikia feni. Halafu akasema alikuwa na mdogo wake wa kiume, ambaye kwenye ukoo ule siku zote wanasema alifariki kwa homa. Akasema, "Haikuwa homa." Mchumba wangu aligeuka kumtazama. Miaka yote ile hakuwahi kulisikia.

Siku moja kabla ya sendofu, mama wa piko alipofika kwenye kifundo changu alitaka kuifunika ile nukta mkato kwa ua kubwa, akidhani ananisaidia. Shangazi alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai. Akasema, "Hapo paache. Zungusha maua pembeni." Na ndivyo nilivyotoka.

KAMA MPENZI WAKO ANA ALAMA

Hili ndilo hasa nililotaka kulifikisha kwa wachumba na wanandoa. Alama ya mtu aliyepita kwenye sonona ni mlango. Anaweza asiufungue mwenyewe, lakini ukigonga kwa adabu kuna uwezekano mkubwa akakufungulia.

Uliza maana, usiulize ruhusa. "Nani kakuruhusu?" inafunga mdomo. "Hii ina maana gani kwako?" inafungua. Uliza mkiwa wawili, siyo mbele ya wakwe au marafiki wa kijiweni.

Akikueleza, usikimbilie kushauri. Usimwambie wapo wenye shida kuliko yeye. Hilo analijua, na ndilo linalomfanya ajichukie zaidi. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia," halafu kaa pale.

Kubalianeni ishara. Mimi na mume wangu tunayo. Kuna siku maneno hayatoki, kwa hiyo nachukua kidole gumba chake naweka juu ya ile alama. Hapo anajua. Haulizi "nimekukosea nini?", hawashi runinga kunichangamsha. Anachemsha chai, anachukua zamu ya kumwogesha mtoto, na kesho yake ananiuliza kama tumpigie daktari. Katika miaka yetu ya ndoa amefanya hivyo mara nne. Mara moja kati ya hizo tulikwenda hospitali usiku ule ule.

Usiogope kuuliza swali gumu. Watu wengi wanadhani ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utakuwa umemtia wazo. Wataalamu wanasema siyo kweli. Kumuuliza waziwazi na kwa upole kunampunguzia mzigo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu yake chochote cha kujidhuru, na mpeleke hospitali hata kama ni usiku. Usimwapie kuwa utaitunza siri hiyo. Wenzetu Kenya wamepiga hatua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa anahitaji kitanda cha hospitali, siyo selo.

Na wewe unayemuuguza usijisahau. Tafuta na wewe mtu wa kumwambia. Mume wangu ana kaka yake ambaye Jumapili wanatembea ufukweni Coco, na mimi siulizi walichoongea.

KAMA UNAFIKIRIA KUCHORA

Kwa wale walioshaamua, maneno machache ya dada yenu.

Hospitali kwanza. Tatuu haichukui nafasi ya dawa wala ushauri. Kama unatafuta yale maumivu ya sindano yenyewe, kwa sababu kuumia kunakupa nafuu, simama hapo hapo na umwambie daktari, maana hiyo ni dalili ya kuhitaji msaada zaidi.

Usichore wiki mbaya. Maamuzi ya kudumu yafanye siku njema. Jaribu kwanza kwa hina, ikae wiki moja au mbili, uone kama bado unaipenda. Angalia tu ile piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele, kwa sababu ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu.

Usalama usiwe na mjadala. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, fundi avae glavu mpya. Sindano iliyotumika inaambukiza homa ya ini ya B na C, na virusi vya UKIMWI pia. Fundi akikasirika ukiuliza, ondoka.

Chagua mahali. Fikiria kazi yako, wakwe zako, imani yako. Mimi nilichagua mahali ambapo saa inafunika nikitaka. Kuionyesha au kuificha ni haki yangu, na ni haki yako pia.

Mwisho, mwambie mtu mmoja. Akiwa mume, mke, shoga, pacha wako, au mchungaji unayemwamini, sawa. Lakini mtu mmoja ajue kwa nini uliichora, kwa sababu siku ukiitazama usione kitu, yeye atakuwa anakumbuka.

Basi mpenzi msomaji, wiki hii ukiona kialama kwenye mkono wa mtu unayempenda, meza lile neno lililokuja haraka mdomoni, msogelee, umuulize. Na kama wewe ndiye mwenye alama na hakuna aliyewahi kukuuliza, chagua mmoja umwambie kabla wiki haijaisha.

Tukutane tena mwezi ujao, ambapo tutaingia kwenye ugomvi unaovunja nyumba nyingi mjini: wanandoa wawe na akaunti moja ya benki au mbili? Mpaka hapo, jitunze.